Wanaojifanya Gmail na Yahoo wanatafuta majina yetu: tusiingie kwa mulango wao

Vijana wenzetu wa Kilwa, wa Lubumbashi, na ninyi wote munaotusoma toka Pweto mupaka ngambo ya ziwa,

Kwa hizi siku wenzetu wengi wanatuletea simu zao na ulizo moja: "Hii imeli ni ya kweli ao ni ya bongo?" Karibu zote zinafanana. Juu kuna jina la Gmail ao Yahoo, rangi ni zile zile, alama ni ile ile. Ndani wameandika Kifaransa kizuri: sanduku lako limejaa, hutapokea tena ujumbe. Ao: kuna mutu amejaribu kuingia mu konti yako. Ao: konti yako itafungwa nyuma ya saa 24 kama hauhakikishe. Chini kuna kitufe cha bluu. Finya hapa.

Msimamo wetu ni huu, na tunausema mbele ya yote: usifinye. Hata kama ujumbe unaonekana wa kweli usifinye, na hata kama ni wa kweli kabisa usifinye. Funga ile imeli, fungua wewe mwenyewe Gmail ao Yahoo kwa njia yako ya kila siku, halafu uangalie. Kama kuna shida, utaikuta kule ndani inakungojea. Kama haiko, basi ni mwizi alikuwa anabisha.

Wafaransa wanaita mambo haya hameçonnage, na hilo neno linatoka ku hameçon, ndoano. Siye watu wa Moero hatuhitaji mutu wa kutueleza ndoano inafanya kazi namna gani. Mwenye kuvua hamfukuze samaki. Anaweka kitu ambacho samaki anakitaka, ao kitu kinachomustusha, halafu anangoja. Na hatupi ndoano moja. Barua moja inatumwa kwa maelfu ya watu, na hata kama ni wawili tu wanafinya, siku yake imelipa.

Tena si mutego wa kigeni kwetu. Nani kati yetu hajapokea ile simu ya mutu anayejifanya wa kampuni ya simu: "Mama, kuna makuta imeingia kwako kwa makosa, nipe zile namba zilizofika sasa hivi tuirudishe"? Ao yule anayekuambia umeshinda, lakini anataka kwanza namba yako ya siri ya M-Pesa? Mama zetu ku soko wamejifunza kukata ile simu bila kujibu. Mwizi wa imeli ni ndugu yake yule yule. Tofauti ni moja tu: ku simu unasikia sauti, unaweza kushuku namna anavyozungumuza. Ku imeli hakuna sauti, kuna alama nzuri na kitufe cha bluu.

Kuna wanaosema: hii inakamata wazee na watu hawajasoma. Hapana. Tarehe 19 mwezi wa tatu 2016, John Podesta, mutu aliyeongoza kampeni ya Hillary Clinton kule Marekani, alipokea imeli inayojifanya ya Google. Ilisema mutu ametumia neno lake la siri kujaribu kuingia toka Ukraine, na ikamuomba abadilishe lile neno mara moja, kwa kufinya. Watu wake walishuku, wakauliza fundi wa kompyuta. Fundi akajibu kwamba imeli ni halali, akaongeza kwamba lile neno la siri libadilishwe mara moja, na akaweka anwani ya kweli ya Google ya kufanyia hivyo. Lakini aliyefinya alifinya kile kitufe cha ndani ya imeli. Baadaye yule fundi aliambia gazeti la New York Times kwamba alitaka kuandika "si halali", vidole vikateleza. Wezi waliondoka na imeli zaidi ya 50,000, na toka mwezi wa kumi mwaka ule dunia nzima ilikuwa inazisoma ku WikiLeaks. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani walifungulia mashtaka maafisa 12 wa upelelezi wa jeshi la Urusi kwa wizi huo na mwingine wa namna hiyo.

Tuangalie vizuri pale mambo yaliharibikia. Walishuku. Waliuliza. Hata anwani ya kweli walipewa. Kilichobaki ni kitendo kimoja tu, kupita mulango wao wenyewe, na kile njo hawakufanya. Ndiyo sababu hatutaki kuwafundisha vijana kuwa mafundi wa kutambua bongo. Kutambua ni kuzuri, na tutasema namna gani, lakini jicho linachoka. Ile desturi ya kuingia kwa njia yako mwenyewe haichoke.

Sasa alama. Zamani tulikuwa tunasema: angalia makosa ya lugha. Ile imepitwa. Leo mwizi anaandikisha barua yake na mashine, inatoka na Kifaransa safi kuliko cha ofisi nyingi za hapa kwetu. Kwa hiyo barua isiyokuwa na makosa haihakikishe kitu.

Jina la mutumaji halihakikishe kitu pia. Mutu yeyote anaweza kujiandika "Serivisi ya Usalama ya Gmail", sawa vile kijana wa Kilwa anaweza kujiita Paris bila kuona Ufaransa hata siku moja. Finya juu ya lile jina, imeli yenyewe itaonekana. Lakini hata ile anwani inaweza kuigwa, kwa hiyo usisimame pale.

Angalia pale kitufe kinataka kukupeleka. Ku kompyuta unaweka mshale juu bila kufinya, anwani inaonekana chini. Ku simu unaweka kidole na kukiacha pale juu mupaka anwani ifunguke. Halafu soma hivi: pita ile "https://", tafuta mustari ulioinama wa kwanza, na uangalie maneno yaliyo mara tu mbele yake. Pale njo mwenye nyumba anakaa. Accounts.google.com/ ni nyumba ya Google kwa sababu inamalizika na google.com. Lakini wakiandika, kwa mufano tuliojitungia, google.com.konti-salama.info/, ile si nyumba ya Google. Ni nyumba ya mutu anayeitwa konti-salama.info, na jina la Google ameliweka tu ku ukuta wake. Simu inakata anwani ndefu, unaona mwanzo tu, na wezi wanajua. Kama anwani imefupishwa, sawa ile ya Podesta ambayo ilipitia Bitly, hata usijaribu kuisoma.

Na ile kufuli ndogo karibu na anwani? Watu wengi wanaiamini sana. Kufuli inasema kwamba njia kati yako na ile nyumba imefungwa, hakuna mutu katikati anayesikiliza. Haikuambie nani anakaa ndani. Mwizi pia anafunga mulango wake.

Tena hili la herufi moja. Mwezi wa kumi na mbili 2018 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watetezi wa haki za binadamu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini waliotegwa hivi. Mamia ya watu. Wezi walikuwa wametengeneza kurasa zinazofanana kabisa na za Google na Yahoo. Wengine walifuata hata wale waliokimbilia serivisi zinazojulikana kwa usalama: kwa ProtonMail waliongeza herufi moja, "e", ikawa protonemail. Kwa Tutanota, ambayo wakati ule ilikuwa inamalizika na .com, wao walichukua jina lile lile linalomalizika na .org. Ni nani kati yetu, saa mbili ya usiku, mutandao unakuja na kuenda, angeona ile "e"?

Na mutandao wetu, tuuseme. Huku Kilwa haukai. Ukija, ujumbe wa siku mbili unaanguka pamoja, mega ni kidogo, betri inaelekea kuisha, na wewe unataka kujibu watu kumi mbele haijakatika tena. Saa ile ndiyo mutu anafinya bila kusoma. Wezi hawatujui, lakini haraka yetu inawasaidia. Kisha wanaongeza yao: saa 24, saa 12, "konti yako itafutwa". Tunaomba kila mumoja ashike hili: imeli inayokupa saa ndogo za kufanya kitu, ile ngoja nayo mupaka asubuhi. Kungoja hakuna kitu kitaharibika. Ni kweli Google na Yahoo wanatuma maonyo ya kweli. Kama umesafiri, ao simu yako imeshika mutandao wa Zambia, unaweza kupokea onyo la kweli kabisa kwamba konti yako imefunguliwa toka inchi ingine. Lakini lile onyo utalikuta pia ndani ya konti, pale pa usalama. Halipotei.

Sasa tuseme juu ya nini harakati ya vijana inaandika habari za imeli, na bei ya mafuta inapanda.

Sanduku lako la imeli si lako peke yako. Ndani kuna orodha ya wenzako waliokuja ku mukutano, na namba zao za simu. Kuna picha ya kadi ya uchaguzi ya leki yako uliyemusaidia kuomba kazi. Kuna karatasi ya mama fulani aliyekueleza kitu hataki jirani yake ajue. Ule mama hakufinya popote. Lakini siku wewe unafinya, na jina lake linaenda.

Kilwa inajua uzito wa jina mu karatasi. Mwezi wa kumi 2004, nyuma ya kikundi kidogo cha waasi kuingia huku, askari wa FARDC walirudisha muji na raia zaidi ya 70 waliuawa. Magari na ndege za Anvil Mining, kampuni iliyochimba Dikulushi, zilitumika. Kampuni ilisema ililazimishwa na serkali. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliachilia washitakiwa mwezi wa sita 2007 kwa yale ya Kilwa. Watetezi waliofuata ile kesi walipata vitisho. Lakini hawakuacha: kesi ilipelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba Tume imekuta Kongo na makosa na imeomba wahanga walipwe fidia.

Kesi ya namna hiyo inakaa miaka na miaka. Maelezo ya mashahidi yanatoka hapa, yanaenda Lubumbashi, yanaenda Ulaya, yanarudi. Leo yanapita ku imeli. Hatusemi kwamba kuna mutu aliiba kitu mu kesi ile. Tunasema hivi: kijana anayeandika leo majina ya familia zilizotoshwa ku mashamba yao juu ya mugodi, ao majina ya wachimbaji walioumia, anabeba mu simu yake kitu chenye watu wenye nguvu wangelipa kukiona. Na njia ya bei ndogo ya kukiona si kumupiga, si kumufunga. Ni kumutumia barua nzuri kwa jina la Gmail.

Kwa hiyo mwizi anayekutafuta anaweza kuwa wa namna mbili. Kuna yule wa maelfu, hakujui, anataka tu konti yoyote akaombe makuta kwa rafiki zako kwa jina lako: "Niko ku hopitali, nitumie kidogo." Kuna mwingine anayekujua. Huyu atakuandikia nyuma ya mukutano wenu, atataja jina la mukubwa wenu, atakutumia "hati" ambayo kuifungua inaomba uingie tena mu Google. Huyu wa pili hatoe harufu. Kwa yeye hakuna alama ya kutegemea, kuna ile desturi tu: sitoe neno langu la siri ku ukurasa nilioletwa na barua.

Wenzetu wengine watasema: siye tuko na usalama wa hatua mbili, Google inatutumia namba ku simu. Ni muzuri, endeleeni, ni afadhali mara nyingi kuliko neno la siri peke yake. Lakini ile ripoti ya 2018 ilionyesha kitu kimoja cha kuchunga. Unapoandika neno lako mu ukurasa wa mwizi, mashine yake inaliandika saa ile ile mu ukurasa wa kweli. Google inakutumia namba. Ukurasa wa mwizi unakuuliza ile namba. Unaiandika. Amekwisha kuingia. Basi namba inayofika ku simu ni sawa na namba ya siri ya makuta: unaiandika tu pale wewe mwenyewe umeenda, kwa miguu yako. Wanaobeba kazi nzito kati yetu, wale wenye kuandika maelezo ya watu, wanapashwa kupita ku ufunguo wa usalama, ile kitu ndogo ya kuchomeka ao kugusisha ku simu. Ile haidanganyike, kwa sababu inaangalia anwani ya nyumba mbele ya kujibu, na ku nyumba ya mwizi inakataa. Ina bei, ndiyo. Mashirika yanayotulipia semina mu mahoteli ya Lubumbashi, na chakula, na kofia zenye majina yao, yangetusaidia zaidi kwa kununua zile funguo kumi.

Neno moja juu ya konti za zamani. Kaka na dada zetu wengi walifungua Yahoo wakati wa sibakafe, na neno la siri lile lile liko mupaka leo, ku Facebook pia, na kila mahali. Yahoo yenyewe ilikubali mwaka 2017 kwamba wizi wa 2013 uligusa konti zote, bilioni 3. Kama yako ilikuwako wakati ule na haujabadilisha kitu, badilisha leo. Si kesho.

Na kama umekwisha kufinya? Kama ulifinya tu ukafunga bila kuandika kitu, na haukupakua kitu, mara nyingi hakuna shida, lakini tuambie. Kama uliandika neno la siri, usilale. Chukua simu ingine ao kompyuta unayoiamini, ingia kwa njia yako, badilisha lile neno, halafu omba konti itoke mu vyombo vyote. Watu wengi wanasimama pale, wanasema imekwisha. Haijaisha. Mwizi mwenye akili, kitu cha kwanza anafanya ni kuweka amri kidogo mu sanduku lako: kila barua inayofika, nakala iende kwake. Unabadilisha neno, yeye anaendelea kusoma, mwaka muzima. Ingia mu mipangilio ya imeli, fungua pale pa kutuma nakala na pale pa vichungi, futa kile haukuweka wewe. Angalia namba ya simu na imeli ya kurudishia konti, kama ni zako kweli. Angalia programu zilizopewa ruhusa ya kuingia, tosha zile usizozijua. Halafu ambia wale wote walio na majina yao ndani. Hiyo ni ngumu kuliko yote, na njo ya lazima kuliko yote.

Hapa tuna neno kwa wakubwa wa vikundi vyetu. Mahali ambapo kijana aliyefinya anachekwa mu WhatsApp siku tatu, kijana wa pili atafinya na kunyamaza. Ule unyamaza njo mwizi anaupenda. Kuanzia leo, mu sehemu zetu zote, anayekuja kusema "nimefinya" anapokelewa kwanza, mafundisho baadaye. Na tena: konti moja ya kikundi, neno moja la siri, watu saba wanalijua, wawili kati yao walikwisha kuondoka kwa hasira. Hiyo hatuiite konti. Ibadilishwe juma hili.

Sheria iko. Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inaadhibu mutu anayeingia mu kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Tutaitumia, na anayeibiwa asiogope kupeleka mashitaka, akiwa amechunga ile imeli bila kuifuta, kwa sababu ndani yake kuna alama za njia iliyopita. Lakini toka Kilwa mupaka mbele ya mwendesha mashtaka kuna barabara munayoijua, na mwizi anaweza kuwa inchi yoyote.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyuma ya mukutano, tunakaa saa moja na simu mukononi, wawili wawili, mumoja anaangalia konti ya mwenzake: hatua mbili, nakala, vichungi, namba ya kurudishia. Anayepokea imeli ya kushuku asiirushe mu kikundi na kile kitufe chake, mutu mwingine atakifinya. Apige picha ya ukurasa, atume ile picha kwa mutu wa usalama wa sehemu yake. Kwa Kilwa, wale hawana simu ya kufungua imeli na wanaenda kusomea kwa wengine, waje nao. Tutawaonyesha namna ya kutoka mu konti yao mbele ya kurudisha simu ya watu.

Imefanyika Kilwa na Lubumbashi,
Vijana wa harakati